SOMO LA WIKI: SARAFU ZA BABU ZISIENDE KWA BUTURA



Inboksi yetu imejaa picha za aina moja. Kiganja cha mkono, juu yake sarafu ya zamani, halafu ujumbe: "Admin, hii ni ya Mjerumani, babu amefariki, naiuzaje?" Wengine wanaongeza: "Nimesikia inafika milioni hamsini." Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeona niandike somo moja. Ni refu kidogo. Lisome mpaka mwisho, maana ndani yake kuna hela na kuna lawama.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu wa Kagera anakijua: butura. Mkulima amebanwa na ada au matibabu, kahawa bado iko mtini haijakomaa. Anakuja mtu na pesa taslimu mfukoni, anainunua yote kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mkulima anachuma mali ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe. Tumepigiwa kelele miaka mingi tuache butura, na bado ipo.

Sasa nakwambia, sarafu za wazee wetu zinakwenda kwa butura hivyo hivyo. Na sisi wauzaji wa mtandaoni tunaweza kuwa wanunuzi wa butura bila kujijua.

YALIYONIKUTA MIMI

Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani sarafu. Tukiwa watoto alikuwa anatumwagia mkekani siku za mvua, anatuonyesha moja moja na kutuambia ilikotoka. Sarafu moja haikuwa kwenye kopo. Aliifunga peke yake ndani ya kipande cha rubugo, akawa anaitunza kwenye koti lake.

Uzee ulipomkamata, kumbukumbu zikaanza kupotea. Siku moja akaja mtu na pikipiki, hatujui alitoka wapi, akakuta babu yuko peke yake. Alipoondoka kopo lilikuwa nusu. Babu alipewa sukari kilo 2 na mche wa sabuni, na alifurahi kweli, akatuambia amepata mgeni mzuri.

Nilikasirika sana. Lakini nisikilize na mimi nilichofanya. Nilichukua sarafu zilizobaki, nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, nikaziposti: "Hela za Mjerumani, mwenye milioni 5 aje inboksi." Walikuja watu wa kunicheka na matapeli. Mnunuzi mmoja wa kweli alikuja baadaye, mtu anayezijua. Aliangalia picha akaandika: "Pole ndugu, umezisafisha." Hakuandika tena.

Na ile ya kwenye rubugo? Babu alipata kiharusi kabla hatujamuuliza. Ilikuwa heller 1 ya kawaida, zipo nyingi sana duniani. Kwa nini aliitenga? Baba yake aliipata kwa kubeba mizigo wakati wa vita? Ilikuwa chenji ya kodi? Hadi leo sijui. Babu alikuwa anaiangalia tu na kutabasamu.

Kwa hiyo somo la leo nimelilipia.

KOPO LA BABU LINA NINI?

Kabla ya kuuza kitu, kijue. Kwenye nyumba za huku kwetu utakutana zaidi na hizi.

1. Sarafu za Mjerumani. Za mwanzo zilitolewa na kampuni ya Wajerumani kuanzia 1890: pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm amevaa kofia ya chuma. Kuanzia 1904 serikali yao yenyewe ikatoa sarafu zilizoandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, rupia 1 ikiwa na heller 100. Neno letu "hela" limetoka hapo, kwenye heller. Heller 1 ni nyingi sana na bei yake kwa kawaida ni dola chache tu. Heller 5 ya 1908 na 1909 ni shaba kubwa, nzito, inajaza kiganja. Rupia 1 ni fedha halisi, uzito wake gramu 11.66 ikiwa haijalika.

2. Sarafu za Tabora. Mwaka 1916, vita ikiwa imewafungia Wajerumani njia ya baharini, walitengeneza sarafu kwenye karakana ya reli ya Tabora. Zina herufi T. Heller 5 na heller 20 zilikuwa za shaba, tena heller 20 zilitengenezwa nyingi, usizipigie mahesabu ya nyumba ya bati. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima, ndiyo inayouzwa maelfu ya dola. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, na za bandia zimejaa kila mahali. Ukiletewa moja, dhana yako ya kwanza iwe kwamba ni ya bandia mpaka mtaalamu aseme vingine.

3. Sarafu za Mwingereza. Shilingi ya EAST AFRICA yenye simba, na senti zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Hizi ndizo nyingi zaidi kwenye makopo ya huku, maana ndizo walizolipwa wazee kwenye kahawa. Shilingi za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha ndani yake. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Senti 5 na 10 za 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII zinasemwa sana mitandaoni kwa sababu aliacha kiti mwaka huo huo. Historia yake ni tamu kweli, ila sarafu zenyewe ni nyingi na bei yake ni ndogo.

4. Sarafu zetu za 1966. Zina kichwa cha Mwalimu upande mmoja, na upande wa pili mwenge kwenye shilingi, sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20. Zikiwa zimetumika na kulika, thamani yake ni ndogo. Sarafu za kipekee ni zile za 1974 za kuhifadhi wanyama: za fedha zenye twiga na kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Hizo zilitengenezwa kwa wakusanyaji, ni nadra kuzikuta kijijini.

5. Noti. Hapa ndipo wazee wengi walipoumia. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025: zile za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na 500 ya karatasi ya 2010. Muda umepita. Ukikuta bunda chini ya godoro, usimdanganye mzee kwamba bado ni pesa ya dukani. Na sisi wa mpakani tunakuta noti za Uganda za kabla ya 1987. Mwaka huo walibadilisha fedha yao, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Hizo nazo zimebaki za kumbukumbu na za wakusanyaji.

Umeona? Vitu vingi kwenye kopo ni vya bei ndogo, vichache ni vya bei nzuri, na kimoja kwa bahati kinaweza kuwa cha bei kubwa. Butura inafanya kazi hapo hapo: mnunuzi anayejua analipia kopo zima bei ya vile vidogo.

THAMANI INAVUJA WAPI MZEE ANAPOZEEKA

Nimefuatilia hizi habari za kwenye inboksi, naona inavuja sehemu tatu.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Mzee ndiye daftari. Anajua ipi alipewa na nani, ipi ni ya baba yake, ipi aliokota shambani. Mnunuzi makini analipia zaidi mkusanyiko unaojulikana ulikotoka, na kwa familia yenyewe habari hiyo haina bei. Kumbukumbu ikienda, unabaki na chuma.

Ya pili ni mikono yetu. Tunasugua. Tunatoboa tundu tufanye mkufu. Tunampelekea sonara ayeyushe. Sarafu ikishasuguliwa ngozi yake ya juu inaondoka, na hairudi. Ule weusi unaouona ni uchafu, kwa mkusanyaji ni ushahidi kwamba haijaguswa.

Ya tatu ni haraka ya msiba. Mzee amefariki, kuna madeni ya mazishi, watoto wametoka Mwanza na Dar wanataka kurudi. Kopo linagawanywa: huyu tano, yule tano, wajukuu zilizobaki. Seti iliyokusanywa miaka sitini inamalizika jioni moja.

Msifikiri haya ni ya kijijini tu. Mfalme Farouk wa Misri alikuwa na moja ya makusanyo makubwa ya sarafu duniani. Alipopinduliwa 1952, serikali mpya ikauza mali zake Cairo mwaka 1954. Sarafu zikapigwa mnada kwa mafungu makubwa, nzuri na za kawaida pamoja, na wanunuzi wajanja wakaondoka na mali kwa bei ya chini. Hata mfalme aliuziwa kwa butura.

Sasa mtazame mwingine. Lars Emil Bruun wa Denmark alianza kukusanya akiwa mtoto, mwaka 1859, alipoachiwa sarafu kadhaa na mjomba wake aliyefariki. Alipokua akakuta mali ya familia imetapanywa na kuna deni juu yake. Akakopa mtaji, akaingia kwenye biashara ya siagi, akatajirika. Alipofariki 1923 alikuwa na sarafu, noti na medali kama 20,000. Lakini aliacha maandishi: mkusanyiko wake usiuzwe kwa miaka 100, uwe akiba ya taifa endapo mkusanyiko wa taifa ungeharibika. Miaka 100 ikatimia, na mnada wa kwanza ukafanyika Copenhagen Septemba 2024, kila kitu kikijulikana ni kipi na kimetoka wapi. Mauzo ya mnada huo peke yake yalihesabiwa kwa mamilioni ya euro.

Mfalme na muuza siagi. Aliyeandika, mali yake ilisubiri. Hakuna anayesema babu wa Kaisho ana sarafu 20,000. Lakini karatasi moja ya daftari la shule inaweza kufanya kazi ile ile.

KAZI YAKO WEWE MUUZAJI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Nenda mzee akiwa hai na akili yake inafanya kazi. Usiende kununua, nenda kusikiliza. Shikamoo kwanza, habari za shamba, habari za ng'ombe. Nenda na mtoto au mjukuu wake. Na hii iwe sheria kwako: usinunue kitu kwa mzee aliye peke yake, hasa kama kumbukumbu zinamsumbua. Hata kama anakulazimisha. Hata kama bei anaitaja mwenyewe. Leo utapata faida, kesho kijiji kizima kitajua ulichukua nini na kwa sukari kilo ngapi.

Hatua ya 2: Uliza maswali matano, rekodi sauti kwenye simu kwa ruhusa yake. Hii uliipata wapi? Kwa nani? Ilikuwa mwaka gani au wakati wa tukio gani? Kwa nini uliitunza? Ungependa iende kwa nani? Swali la tano ndilo watu wanaliogopa, na ndilo wazee wengi wanasubiri kuulizwa.

Hatua ya 3: Andika orodha. Namba, maandishi yaliyopo kwenye sarafu, mwaka, uzito, na neno moja la hali yake: imelika, ya kati, nzuri. Mzani mdogo wa dijitali unatosha. Weka kila moja kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, uandike namba juu yake. Nailoni laini zinaharibu sarafu zikikaa muda mrefu, na unyevu wa mvua zetu unaongezea. Shika sarafu pembeni, usiguse sura. Na usisafishe. Narudia, usisafishe. Hata kwa maji na sabuni.

Hatua ya 4: Piga picha kama muuzaji. Mwanga wa dirishani, bila fleshi, juu ya kitambaa cheusi, pande zote mbili, rula pembeni. Moja zaidi ikiwa juu ya mzani. Rupia ikiwa na gramu 9, au ikinasa kwenye sumaku, acha kuiposti, maana fedha hainasi. Ila kumbuka kutonasa peke yake siyo uthibitisho, na shaba pia hainasi.

Hatua ya 5: Tafuta bei iliyolipwa, siyo bei iliyoombwa. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni 50 kwenye tangazo. Angalia minada iliyokwisha na vitu vilivyouzwa tayari. Katalogi ya bure ya mtandaoni kama Numista itakusaidia kujua ni sarafu gani na ilitengenezwa kwa wingi gani. Linganisha na hali ya yako kwa ukweli, siyo kwa matumaini.

Hatua ya 6: Uza kwa kamisheni badala ya kununua. Mfano: mmekubaliana asilimia 15 baada ya gharama. Sarafu imeuzwa 120,000, usafiri na ufungaji 6,000, inabaki 114,000. Chako ni 17,100, cha mwenye mali ni 96,900. Andikeni, sahini wote, kila mmoja abaki na nakala. Ikipanda bei mnafurahi wote. Ukinunua kwa 5,000 ukauza 120,000, umepata mara moja tu na mlango umefungwa.

Hatua ya 7: Kama mzee amefariki, simama kwanza. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Usikubali maneno ya "mimi ndiye musika, nipe hela." Omba barua ya usimamizi, piga picha, tunza. Ndugu mmoja asiyejua anaweza kukufikisha polisi kwa mali uliyoiuza kwa nia njema. Na kabla hawajagawana, waonyeshe orodha. Washauri wauze kwanza wagawane pesa, au mmoja achukue kopo zima awafidie wenzake.

Hatua ya 8: Jua visivyouzwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kwetu Karagwe hii siyo nadharia. Hapa palikuwa na himaya, Rumanyika aliwapokea akina Speke mwaka 1861. Ukiletewa chuma cha kale, mkuki wa ajabu au kitu kinachosemekana kimetoka Bweranyange, usikiposti. Waelekeze Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa.

MATAPELI WA SARAFU

Hawa wanakula pande zote mbili. Kwa mzee wanakuja kama wanunuzi wa bei ya sukari. Kwako wewe wanakuja kama matajiri.

Dalili zao: anataja mamilioni kabla hajaona uzito. Anasema anatafuta sarafu "inayovuta mchele". Hadithi hiyo imewafilisi watu wengi India, na haina ukweli wowote, sarafu haivuti mchele. Anataka utangulize hela ya "kipimo", ya "kibali" au ya "mtaalamu kutoka Dar". Au anakutumia ujumbe wa malipo wa uongo akisisitiza umpe dereva wa basi mzigo sasa hivi. Angalia salio lako mwenyewe, siyo ujumbe. Mnunuzi wa kweli anauliza maswali ya kuchosha: uzito, mwaka, herufi, picha ya pembeni. Akikuchosha, mshukuru.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii usiposti sarafu yoyote. Fanya hili tu: nenda kwa mzee mmoja unayemheshimu, babu, bibi au jirani. Mwombe akuonyeshe kitu alichokitunza muda mrefu. Uliza yale maswali matano, rekodi, halafu mrudishie kitu chake mkononi. Kama familia itataka kuuza siku moja, watakukumbuka wewe, na utakuwa na orodha, picha na sauti ya mwenyewe. Wasipouza, bado umewaachia kitu ambacho mimi sina.

Ile heller ya kwenye rubugo ninayo bado. Siiuzi. Kila nikiishika natamani ningekaa mkekani jioni moja zaidi, nikauliza swali moja tu.

Mtumie somo hili ndugu yako aliye mjini ambaye bado ana babu kijijini. Maswali weka hapo chini, tutajibu. Wiki ijayo: namna ya kufunga mzigo mdogo wa thamani usiharibike wala kupotea kwenye basi la Bukoba.